Jabia na msimu wa wageni: uchambuzi wa kisa cha utalii wa kijiji katika visiwa vya Lamu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kijiji kimoja cha wavuvi katika Lamu Mashariki ambacho kiliamua kupokea wageni wa kulala majumbani, kikakaribia kuiacha kazi hiyo baada ya msimu mmoja tu, kisha kikaiendeleza kwa namna isiyofanana na ile iliyoandikwa katika mpango wa mwanzo. Jina la kijiji, la kikundi, la shirika lililosaidia na la wakala aliyeleta wageni yameondolewa, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Yanayohusu pepo, mvua, maji ya bahari na historia ya utalii wa Lamu yameachwa kama yalivyo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoeleza kilichotokea.

Mipango mingi ya utalii wa vijijini huanza kwa kuuliza kijiji kina kivutio gani, kisha huhamia kwenye mafunzo na vifaa. Katika kisa hiki kivutio kilikuwepo, mafunzo yalitolewa na vifaa vililetwa. Kilichosahauliwa ni kuiweka kalenda ya wageni kando ya kalenda ya kijiji na kuona ni miezi gani zinagongana.

Kijiji na mazingira yake

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini wageni walikuwa wakija tangu zamani, na hadi leo walio wengi hulala mjini, Shela, na upande wa Manda unaotazamana na Shela. Ukishapita mkondo wa Mkanda, ulio baina ya Manda na bara, na kushika njia ya Pate, Ndau na Kiwayu, wageni huwa wachache sana. Hawakosi cha kuona. Kisiwani Pate kuna miji mikongwe ya Pate, Siyu na Faza, na kuna magofu ya Shanga, ambako wachimbuaji walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kuanzia karne ya 8. Kaskazini zaidi ipo Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na sehemu kubwa ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii.

Sababu ya uchache wa wageni ni umbali na hofu. Chombo kinachopita Mkanda hungoja maji yajae, kwa hiyo saa ya kusafiri huamuliwa na bahari wala si na abiria. Hofu ilikuja na utekaji wa wageni huko Kiwayu na Manda mnamo Septemba na Oktoba 2011, ikazidi baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na kafyu iliyofuata. Uvuvi wa usiku nao ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa, jambo lililowaumiza hata watu ambao hawakuwahi kutegemea mtalii hata siku moja. Baadaye kazi za ujenzi wa bandari mpya ya Lamu ziligusa maeneo ya uvuvi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Hali hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa kijiji hiki watafute riziki nyingine pembeni ya bahari.

Kijiji chenyewe kina kaya mia kadhaa. Wanaume huvua samaki wa mwamba, pweza na kamba, na wachache hukata boriti za mikoko kwa kibali. Wanawake hushona makuti, husuka misala na mikeka, na hupika vitu vya kuuza. Visima vya karibu vina maji ya chumvichumvi yanayofaa kufulia na kuoshea vyombo. Maji ya kunywa na ya kupikia hutoka kwenye majabia, yaani mabirika ya mawe na chokaa yenye sakafu pana ya kukingia mvua. Majabia hujaa katika masika, kati ya Aprili na Juni, na hupata nyongeza kidogo katika vuli. Kuanzia Januari hadi mvua zinaporudi hakuna kinachoingia, kila ndoo inayotolewa ni ndoo iliyopungua, na mama wa nyumba hujua kwa kuangalia tu kama maji yatafika Aprili.

Wazo na mpango wa mwanzo

Wazo lilianzishwa na vijana waliokuwa wamefanya kazi katika nyumba za wageni za Shela, wakishirikiana na mwalimu mmoja mstaafu. Walikuwa wamewaona wageni wakilipa fedha nyingi kwa safari ya siku moja ya jahazi, na waliamini kuwa wapo ambao wangependa kulala kijijini siku mbili tatu, wale chakula cha nyumbani, wazungushwe mikokoni kwa mtumbwi na kutembezwa kwenye magofu. Waliunda kikundi, wakakisajili, wakapata baraka za wazee, za imamu na za BMU, kamati inayosimamia ufuo na uvuvi.

Shirika moja lisilo la kiserikali lilikubali kuwasaidia. Liliwafundisha vijana kuongoza wageni, likawafundisha wenye nyumba usafi na mapishi, kisha likanunua vitanda, vyandarua, taa za sola na vyoo vya kumwaga maji kwa nyumba chache za mwanzo. Nyumba zilichaguliwa kwa sifa mbili, nazo ni chumba cha ziada na ukuta imara. Kwa sifa hizo zilichaguliwa nyumba zilezile ambazo tayari zilikuwa na jamaa mwenye mshahara Mombasa au Ughaibuni. Hakuna aliyekusudia hivyo. Sifa zenyewe ndizo zilizochagua.

Mapato yaligawanywa kwa njia rahisi. Mgeni alilipa kwa wakala mjini Lamu, wakala akakata chake, fedha iliyobaki ikaja kwa kikundi, na kikundi kikamlipa mwenye nyumba, mwenye chombo na kiongozi wa wageni. Sehemu moja ya kumi iliingia katika mfuko wa kijiji. Hati ya mradi ilisema kuwa utalii ungewapa wavuvi kipato katika miezi ambayo bahari haiingiliki. Sentensi hiyo ilipendwa na kila aliyeisoma, lakini hakuna aliyeuliza kama wageni wangekuja katika miezi hiyo.

Msimu wa kwanza

Wageni wa Lamu huja zaidi wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na huja tena kwa kiasi mnamo Julai na Agosti. Aprili hadi Juni nyumba nyingi za wageni hufungwa. Wakala, kwa busara ya biashara yake, alianza kuleta watu katika mwezi wa Desemba.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Wageni walikuwa wachache kwa mara moja, lakini walifuatana. Walisifu wali wa nazi na samaki wa kupaka, wakasifu zaidi utulivu wa kijiji kisicho na magari. Wenye nyumba walilipwa kwa wakati. Mtu aliyefika kijijini wakati huo angeandika taarifa nzuri sana, na kwa kweli iliandikwa.

Dalili ya kwanza ya shida ilitoka kwenye vyombo. Kaskazi ndio wakati ambapo bahari ya nje hutulia, maji huwa maangavu, na wapiga mbizi hupata kamba. Mwenye chombo aliyekwenda kuwachukua wageni mjini aliwaacha mabaharia wake ufuoni katika siku ambazo wangevua vizuri. Katika uvuvi, mavuno huondolewa gharama kisha hugawanywa kwa mafungu, chombo na fungu lake, zana na fungu lake, nahodha na kila baharia na fungu lake. Fedha ya wageni haikufuata desturi hiyo. Mwenye chombo alilipwa yeye, naye akampa baharia alichoona kinafaa. Mabaharia walinung'unika kuwa wageni wamewageuza kuwa vibarua katika chombo walichozoea kuwa na fungu ndani yake.

Isitoshe, safari nyingi zilifanywa kwa boti la injini badala ya tanga. Wakala alikuwa na wageni wenye siku chache, na boti la injini liliwahi maji ya Mkanda kabla hayajapwa. Lakini petroli hununuliwa mjini, kwa hiyo sehemu kubwa ya nauli ilirudi mjini siku ileile iliyolipwa. Safari ya tanga, ambayo ndiyo iliyokuwa imepigiwa debe kwenye picha, ikawa jambo la nadra.

Shida ya maji ilijitokeza polepole, kisha ikalipuka kwa ghafla. Choo cha kumwaga maji na bomba la kuogea havijui kwamba maji yanatoka kwenye jabia. Wenye nyumba walianza kwa kutumia maji ya kisima vyooni, lakini chumvi iliharibu vifaa vya vyoo katika muda mfupi, na wengine wakaanza kuchanganya maji ya jabia kimyakimya. Ilipofika katikati ya Februari, jabia la mtaa wenye nyumba nyingi za wageni lilikuwa limeshuka kuliko mengine yote. Wanawake wa mtaa huo walianza kupanga foleni alfajiri, na vijana wenye punda wakapandisha bei ya mtungi wa maji yanayoletwa kutoka kisima cha mbali. Siku moja wakaazi walikuta mlango wa jabia umefungwa kwa kufuli. Aliyelifunga hakutajwa na hakuna aliyedai atajwe, kwa sababu kila mtu alilielewa kufuli lile.

Kikao na maamuzi yake

Wazee waliitisha kikao barazani baada ya sala ya Ijumaa. Wanawake walitoa maoni yao kupitia kikao chao wenyewe siku iliyotangulia, na mwakilishi wao akayasoma mbele ya wote. Maoni hayo yalikuwa na mambo mawili, kwamba maji ya jabia hayakuwa ya kikundi na kwamba anayepika ndiye anayepaswa kulipwa.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha wageni wa kulala hadi masika. Viongozi wa kikundi waliupinga, wakieleza kuwa wakala alikwisha kupokea malipo ya wageni wa Machi na kwamba kumvunjia ahadi kungewapotezea jina. Walikuwa na haki ya kuhofu, kwani wakala alikasirika na kwa muda mrefu hakuwaletea mtu. Hata hivyo wazee waliona kwamba mgeni anayekaa kijijini huku jirani amefungiwa maji atachukiwa, na mgeni aliyechukiwa hawezi kulindwa. Katika eneo ambalo usalama wa mgeni unategemea macho ya kijiji kizima, hoja hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Uamuzi wa pili ulihusu jabia lenyewe. Majabia mawili kati ya yale yaliyotumika ni wakfu wa msikiti, na imamu aliulizwa kama inafaa mgeni anayelipa atumie maji hayo. Alieleza kuwa waliotoa wakfu huo waliukusudia kwa wenyeji na kwa msafiri, hivyo mgeni kunywa hakuna tatizo, lakini kuyauza, au kuyafanya sehemu ya huduma inayotozwa fedha, hakufai. Kutokana na maelezo hayo kijiji kilipata kanuni iliyoeleweka na kila mtu: mgeni atapewa maji ya kunywa na ya kupikiwa bila kuhesabiwa bei, na ataoga kwa ndoo na kata kwa maji ya kisima. Vyoo vya kumwaga maji vilifungwa na kurudishiwa vya shimo vilivyoboreshwa. Shirika lililovinunua halikufurahi, jambo la kueleweka kwa mtu ambaye ana picha za ufunguzi.

Uamuzi wa tatu ndio ninaouona kuwa wa maana kuliko yote. Wazee waliweka ubao wa kupimia ndani ya jabia kubwa, wakachora alama kulingana na walivyojua matumizi ya kijiji hadi Aprili. Maji yakiwa juu ya alama, wageni wa kulala hupokelewa kwa idadi ndogo iliyokubaliwa. Yakishuka chini yake, hupokelewa wageni wa kutembea na kurudi tu, nao huja na maji yao. Mpimaji si kiongozi wa kikundi cha utalii. Ni mtu wa msikiti aliyekuwa akilitunza jabia tangu zamani, naye hana fungu katika mapato ya wageni.

Uamuzi wa nne ulihamisha nguvu ya kutafuta wageni kutoka Januari hadi Julai, Agosti na Septemba. Wakati huo masika yamekwisha na majabia yamejaa. Kusi inavuma, bahari ya nje ya mwamba ni chafu, na vyombo vingi vimefungwa kwa kukosa kazi. Lakini ndani ya mikondo, nyuma ya visiwa na mikoko, chombo cha tanga hutembea bila taabu. Tena kusi humpeleka vizuri msafiri anayetoka Lamu kwenda upande wa Pate, kwa kuwa upepo huwa nyuma yake. Kurudi ndiko kugumu, kwa hiyo iliamuliwa kuwa mgeni ataletwa kwa tanga na atarudi mjini kwa boti la abiria la kila siku. Kwa mpango huo mabaharia walipata kazi katika miezi yao ya njaa, petroli ikapungua, na mgeni akapata ile safari aliyoiona pichani.

Mgawo nao ulibadilishwa ukafuata desturi ya uvuvi. Baada ya gharama, fedha ya safari hugawanywa kwa mafungu, na fungu moja huwa la jabia. Upishi ulitenganishwa na malazi: mgeni analala nyumba moja na kula kwa mpishi mwingine kwa zamu, na mpishi hulipwa mkononi mwake. Wajane na wanawake wa nyumba za makuti, ambao hawakuwa na chumba cha kumlaza mgeni, waliingia kazini kwa njia hiyo.

Kanuni za mwenendo, yaani mavazi, kupiga picha kwa idhini na kutoleta pombe kijijini, hazikuleta ubishi na ziliandikwa kwa muda mfupi.

Yaliyofuata

Msimu wa kusi wa kwanza chini ya mpango mpya ulikuwa na wageni wachache kuliko ule wa kaskazi. Wengi wao walikuwa Wakenya, wakiwemo walimu na wanafunzi wa vyuo waliokuwa likizoni, ambao hawalipi sana lakini hukaa kwa makundi, hawahitaji mkalimani na hawashangazwi na ndoo ya kuogea. Baadhi ya wazungu wa Agosti walikuja pia.

Mnamo Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, safari za ndege za kimataifa zikasimamishwa hadi Agosti, na kikundi hakikupokea mtu. Fungu la jabia lililokuwa limekusanywa lilitumika kuziba nyufa za sakafu ya kukingia mvua ya jabia kubwa. Wageni walipoanza kurudi kidogo kidogo, Wakenya ndio waliotangulia, na hapo mpango wa kusi ukaonekana kuwa na faida ambayo hakuna aliyeikusudia, kwani haukutegemea viwanja vya ndege vya Ulaya.

Shughuli mbili za mpango wa mwanzo zilikufa. Ya kwanza ilikuwa kuwapeleka wageni usiku kuangalia kasa wakitaga. Vizuizi vya kutembea baharini usiku viliifanya iwe ngumu, na hata bila vizuizi hivyo kundi la watu wenye tochi humfukuza kasa kabla hajataga, kwa hiyo kuiacha hakukuwa hasara. Ya pili ilikuwa kupanda mikoko. Mgeni alilipia mche, akauchomeka topeni, akapigwa picha. Miche ya mkoko ilipandwa katika tope la wazi linaloelekea bahari, mahali ambapo kwa kawaida husimama mlilana, aina nyingine ya mti wa mikokoni, kama kuna mti wowote unaosimama hapo, na karibu yote ilikufa. Wakataji wa boriti walikuwa wamelisema hilo mapema. Hawakusikilizwa kwa kuwa walihesabiwa kuwa maadui wa mikoko, ilhali ndio wanaojua mkandaa hukaa wapi na mchu hukaa wapi. Siku hizi mmoja wao ndiye anayewaongoza wageni mikokoni kwa mtumbwi, na kwa maoni yangu matembezi yake yana elimu kuliko yote yaliyokuwa katika mafunzo.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuunganisha idadi ya wageni na kipimo ambacho kila mkaazi anaweza kukiona. Katika mafunzo ya utalii endelevu husemwa sana juu ya uwezo wa mahali kubeba wageni, na mara nyingi jibu huwa nambari iliyokadiriwa na mtaalamu na kuwekwa katika ripoti. Nambari hiyo haina mlinzi. Alama kwenye ubao wa jabia ina walinzi wengi kama walivyo wachotaji maji, na hubadilika kulingana na mvua ya mwaka husika. Jambo jingine lililoipa nguvu ni kwamba mpimaji hana maslahi katika kufungua au kufunga mlango wa wageni. Kama kipimo kingeachwa mikononi mwa kikundi, nadhani alama ingeshushwa kidogo kidogo kila Januari hadi ipotee.

La pili lililofaa ni kurudi kwenye mgawo wa mafungu. Mfumo wa mwanzo haukuwa wa dhuluma kwa nia, ila ulimlipa mwenye mali tu, mwenye nyumba na mwenye chombo, na ukawaacha wengine wategemee ukarimu wake. Kijiji tayari kilikuwa na desturi iliyokomaa ya kugawana kipato kisicho na uhakika baina ya mwenye mali na mwenye jasho. Haikuhitaji kubuniwa, ilihitaji tu kutambuliwa kwamba mgeni, kama samaki, huja siku nyingine na siku nyingine hakosi kukosekana.

Kuhusu kalenda, kosa la mpango wa mwanzo halikuwa la kijiji hiki peke yake. Katika pwani hii msimu wa juu wa wageni huangukia katika miezi ileile ambayo mvua hakuna na uvuvi uko katika ubora wake. Kwa hiyo utalii usiopangwa haujazi pengo la mvuvi, bali humnyang'anya baharia, chombo na maji katika wakati anaovihitaji, kisha humwacha mikono mitupu katika miezi ya kusi. Yeyote anayeandika mradi wa aina hii kwa visiwa hivi angefanya vyema kuanza na safu ya miezi 12, aandike chini ya kila mwezi upepo, mvua, kazi ya wanaume, kazi ya wanawake na hali ya maji, na mwisho kabisa ndipo aweke wageni. Ramadhani na Maulidi ziwekwe humo pia, zikisogea mwaka hadi mwaka.

Ipo hoja ya upande wa pili, na baadhi ya wanachama bado wanaishikilia. Wanasema kuwa tatizo lilikuwa la kuhifadhi maji, si la wageni. Masika makali hujaza majabia hadi yakafurika, na yale yanayofurika huenda bure baharini, kwa hiyo yangejengwa matangi zaidi na kaskazi ingebaki wazi. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Ugumu wake ni kwamba maji mazuri hukingwa kwenye mabati au kwenye sakafu ya chokaa, na paa la makuti halifai. Matangi ya nyumbani yangewafaa tena wale wenye nyumba bora, na mtaa ungegawanyika kati ya wenye maji na wasio nayo. Jabia jipya la mtaa mzima lingekuwa suluhisho bora, lakini gharama yake ni kubwa kuliko mapato ya wageni ya miaka kadhaa. Kwa hali ilivyo, naona kuwa walifanya sawa kupunguza kwanza na kujenga baadaye.

Upande wa yaliyoshindwa, vifaa vya msaada vinastahili kutajwa kwa sababu kosa hilo hurudiwa. Vyoo vya kumwaga maji vilinunuliwa kwa kukisia mgeni anataka nini, bila kumuuliza mgeni wala mwenyeji. Wageni walioambiwa mapema kwamba wataoga kwa ndoo walikuja bila kulalamika, na waliolalamika walikuwa wale walioahidiwa bomba wakakuta halitoi maji.

Ukosefu wa usawa wa malazi haujaisha. Zamu ya upishi imepunguza makali yake, lakini fedha ya kitanda bado huenda kwa nyumba zilezile, na kila mara kikundi kinapozungumzia kuongeza nyumba mpya, swali la nani atalipia ukarabati hurudisha mazungumzo nyuma. Vijana wawili kati ya waliofundishwa kuongoza wageni wamehamia Shela, ambako kazi ni ya kila siku. Si haki kuwalaumu, maana kazi ya miezi mitatu haiwezi kumweka mtu mwaka mzima, na mpango haukuwahi kudai hivyo.

Jambo zito zaidi lililobaki wazi ni uhusiano na wakala. Kikundi kimejaribu kupokea wageni moja kwa moja kwa simu, na kwa Wakenya njia hiyo inafanya kazi. Kwa wageni wa kutoka nje bado wakala ndiye mlango, naye amerudi kuzungumza nao. Anataka nafasi za Januari zithibitishwe ifikapo Agosti, kama anavyofanya na nyumba za Shela. Kikundi hakiwezi kuzithibitisha kabla vuli haijanyesha na ubao wa jabia haujasomwa, na hilo huwa ni mwishoni mwa Novemba. Pendekezo lililoko mezani ni kwamba wakala auze nafasi za Januari kwa masharti, huku mgeni akijua tangu siku ya kulipa kuwa huenda akabadilishiwa safari ya kulala kwa safari ya siku moja na kurudishiwa tofauti ya bei. Wakala hajakubali wala hajakataa.